Nyamai Kiema na Gari la Majivu

Mwaka umeisha tangu tukuzike, Baba Kathini, na bado tunafagia uwanja kwa kuzunguka gari lako.

Wako watakaosoma hapa na hawakukujua, kwa hivyo ngoja niwaambie, maana wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kujisema. Ulikuwa fundi wa rangi za magari pale Mukuyuni. Gari lililogongwa likiletwa kwako, ulilinyoosha ukalipaka, na mwenyewe akija kulichukua hakuweza kuonyesha pale lilipogongwa. Wateja walikuita mpole. Nyumbani ulikuwa mkaidi, na chai isiyo na tangawizi uliirudisha jikoni.

Cadillac uliishika mara moja tu. Ilikuwa ya Mzee Ngure, yule mfanyabiashara wa Sultan Hamud: gari la zamani la Amerika, refu, lenye mabawa nyuma. Lilikuwa limelala kwa stoo yake miaka na miaka, na alitaka lipakwe rangi ya damu ya mzee ili binti yake Gakenia aende nalo kanisani siku ya harusi. Uliporudi kutoka kazi hiyo hukusalimu mtu. Uliingia jikoni, ukazoa majivu kwa sufuria, ukatoka uwanjani ukaanza kuchora.

Ulilichora lote, urefu wake kamili, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwa tenki la maji. Nikakuuliza, "Na hii sasa ni nini?" Ukasema, "Mama Kathini, toka kwa boneti." Nikatoka. Sijui kwa nini nilitoka, lakini nilitoka.

Lakini vile Wamarekani walivyolitengeneza hukuridhika hata kidogo. "Hawa watu hawakuwahi kufika huku kwetu Kilungu," ulisema. Ukawa unafuta na kuchora upya kila jioni. Uliliwekea magurudumu makubwa ya pikapu, kwa sababu vile lilivyo tumbo lake lingebaki kwa kona ya kwanza ya mlima. Ulitoa ile injini yao inayokunywa petroli ya kijiji kizima, ukaweka ya Toyota, ya dizeli, na usukani ukauhamishia kulia. Viti vya ngozi ulivikataa, ngozi na jua letu vitachoma watu makalio. Ukasema vitafumwa kwa mkonge, kazi ya mikono ya mama yako. Buti uliigawa mara mbili, huku mitungi ya maji, huku maembe.

Kilonzo, mwenzako wa gereji, alikuja akatazama akasema ukate yale mabawa, hayana kazi. Woi! Mlinuniana mpaka mwenye gereji akaingilia kati. "Mabawa yanakaa," ulimwambia. "Hata mtu wa Kilungu anapenda kitu kimoja kisicho na kazi."

Tulikucheka, ndiyo. Lakini sote tulijua gari lilikuwa la nani. Mama yako Syokau aliteleza kwa ile njia ya mtoni akiwa na mzigo wa maparachichi, nyonga ikavunjika, ikapona vibaya. Mguu haukunji. Pikipiki hawezi, na mara ya mwisho tulipomwingiza kwa matatu alilia mpaka abiria wakashuka. Yeye aliyekuwa akiwaanzishia kina mama nyimbo kanisani akawa anasikiliza ibada kwa redio, kitandani.

Kwa hivyo mlango wa nyuma ulikuwa wake. Uliufanya ufunguke kinyume, kuelekea nyuma, upana wake mara mbili ya mlango wa kawaida. Kiti kilikuwa cha kuvutwa nje kama droo ya kabati, kishuke, akae bila kukunja mguu, kisha kirudi naye ndani. Ulimbeba na kiti chake cha plastiki ukamweka ndani ya majivu.

"Mama, umeingia?"

"Nimeingia."

"Umeumia mahali?"

"Sijaumia."

"Basi Jumapili moja nitakupeleka kanisani ukiwa umekaa hivyo hivyo. Kaa tayari."

Sisi wengine tulicheka. Yeye hakucheka, alikuamini. Alianza kufuma kiti siku iliyofuata.

Mzee Ngure alikuwa amekuambia harusi ikiisha hatakuwa na kazi na gari lile tena, labda mtaelewana. Hiyo labda ndiyo uliyobomolea lango letu. Uling'oa nguzo, ukalipanua, mbuzi wa jirani yetu Ndululu wakaingia wakamaliza mbaazi zangu zote. Niligombana na wewe mbele ya watoto. Nilikuuliza lango la nini, gari liko wapi? Ukasema, "Gari refu likija, litaingia wapi?"

Kikohozi kilikuwa kimeanza kabla ya hapo. Pale gereji wote mnakohoa, hakuna aliyeshtuka. Mlijifunga kitambaa mdomoni, mkipulizia gari rangi, na mkimaliza kila mtu alikunywa maziwa, kwa sababu maziwa yanasafisha kifua. Kila fundi anajua hivyo, na sisi wake zenu tulijua hivyo. Nyumbani kwetu watoto walikunywa chai ya rangi ili maziwa yabaki yako. Na kohozi lako lilikuwa na rangi ya gari ulilopaka siku hiyo, siku ya buluu buluu, siku ya nyeupe nyeupe.

Siku moja likawa na damu ya mzee, na hukuwa umepaka gari lolote.

Daktari aliuliza kama ulikuwa unavaa maski. Nikamjibu kwa furaha kabisa, "Hapana daktari, lakini maziwa hakosi." Aliweka kalamu chini akaniangalia. Alisema maziwa yanaenda tumboni, rangi inaenda kwa mapafu, na hayo mawili hayakutani popote. Aliongea polepole, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Wewe ulikuwa kitandani, uso umeugeuzia ukuta, na uliyasikia yote.

Hukutuchosha, Baba Kathini. Ulikwisha haraka. Siku za mwisho pumzi ilikuwa ya neno moja moja, na wewe ukazitumia kuniambia mambo ya bawaba za mlango. Nilikuwa nataka uniambie kitu kingine. Bado nakasirika nikikumbuka.

Gari refu la kwanza kuingia kwa lile lango lako lilikuwa lile lililokuleta kutoka mochari. Liliingia bila kugusa nguzo. Tumbo lilikwaruza jiwe, vile ulivyosema lingekwaruza, likasimama juu ya boneti yako. Watu waliokuja kutulilia walikanyaga yaliyobaki, hata hawakujua kuna kitu chini. Mama alikuwa mlangoni anapiga kelele, "Mnakanyaga gari! Mnakanyaga gari la Nyamai!" Wakadhani ni uchungu umemchanganya, wakamshika wakampa maji.

Ibada yako ilifanywa kanisani, na mama yako hakufika. Mchungaji alileta gari lake mpaka mlangoni. Mama alikataa. Jeneza lako lilikuwa limepakwa na Kilonzo, damu ya mzee, inang'aa, na aliipuliza akiwa amevaa maski. Ile ilikuwa maski ya kwanza kuonekana pale gereji.

Tangu siku hiyo mama amekataa kila gari. Ndugu wa kanisa wamekuja na la kila aina. Kilonzo alitaka hata kukata mlango wa Probox, ufunguke kinyume kama ule wako. Mama akamwambia, "Mwanangu, asante, lakini mimi nilishaingia kwa gari. Lililobaki nitalala ndani, na hilo halihitaji mlango wangu." Hatujui tumwambie nini. Mzee Ngure naye ameuza lile lake, limepelekwa mbali. Hilo hatujamwambia mama.

Kathini analijua gari lako kwa kichwa. Mvua ikilifuta, yeye huzoa majivu akalichora tena, na mama anasimamia: "Mlango si hapo, rudisha nyuma kidogo. Mabawa yako wapi?" Jumapili tunambeba na kiti chake, kile cha plastiki, na juu yake ule mkonge aliofuma. Anawasha redio. Nyimbo zikianza, anaanzisha yeye, na sisi tunaitikia tukiwa jikoni.

Maombi ya kumbukumbu yatakuwa nyumbani Kilungu, Jumapili hii baada ya ibada. Mtakaokuja, pitieni upande wa tenki. Tafadhali msikanyage majivu.

Tunaokukumbuka, Nyamai, tutakuwa tumekaa hivi. Mama yako Syokau, nyuma, kwa mlango wake. Binti zako Kathini na Kasyoka, kando yake. Kilonzo amesema atakaa kwa buti na maembe, karibu na mabawa, anaomba msamaha. Mimi mke wako Mwongeli, mbele, upande wa kushoto.

Kiti cha dereva hatujaweka. Hatukusahau leo, hatutakusahau kamwe.