Tikariya Hapaishi Mtu

Kaka Jhallu,

Nakusalimu kutoka Tikariya, mahali pasipoishi mtu. Usicheke. Ndivyo daftari la wilaya linavyosema: kaya sifuri, watu sifuri. Karani wa sensa alikuja siku tuliyokuwa msituni sote tukiokota maua ya mti wa mahua. Mvivu yule akakuta milango imefungwa, akaandika, akaenda zake.

Mama ni mzima, nyati wetu bado mkorofi, na msomi wa kijiji sasa ni mimi. Darasa la tano si mchezo! Ndiyo maana nilitumwa mimi wilayani kudai pampu ya maji.

Ofisa akafunua daftari. "Kijana, pampu hupewa watu. Tikariya hakuna watu."

"Sasa mheshimiwa unabishana na nani, na mzimu?"

"Subirini sensa ijayo. Miaka minane si mingi."

Nilimjibu maneno ambayo Mama hataki niyaandike. Walinitoa nje askari wawili, maana mmoja hanitoshi.

Kaka, mkeo, shemeji Kesar, alikuwa bado anateka maji mtoni, mwendo wa saa nzima, na tumbo lile. Jumanne aliteleza kwenye mawe. Yeye anapona. Mtoto tumemzika. Alikuwa wa kiume.

Shemeji alinikataza nisikuandikie, lakini nimechoka kunyamaza. Kesho tunakwenda sote, hata vikongwe, tukae mlangoni kwa yule ofisa mpaka atuhesabu mmoja mmoja. Shemeji kasema atakaa mbele. Ukija, ukishuka kwenye basi njoo moja kwa moja wilayani; usipitie nyumbani, hutakuta mtu.

Mdogo wako,
Parmal