Mshono Chini ya Pua

Mama yangu, uliyelala kaburini Mpwapwa,

Umepata mjukuu. Wa kike, na ana sauti hiyo! Akilia, mafundi wa reli hapa Gulwe wanageuka. Na mdomo wake, mama, ni mdomo wangu: wa juu umepasuka mpaka puani. Nilipomwona nilicheka huku nalia. Huyu hahitaji kuulizwa ni wa nani.

Mama mkwe wangu hakucheka. Kesho ni siku ya kumtoa mtoto nje, ndugu na majirani waje kumwona, naye anataka nimfunike uso kwa kaniki. "Watasema nyumba yetu imelaaniwa, mwanangu," kaniambia. Si mtu mbaya. Mtoto hawezi kunyonya, na ni yeye anayemdondoshea maziwa yangu mdomoni, tone kwa tone. Anaogopa maneno ya watu tu.

Basi nimekukumbuka wewe. Unamkumbuka yule mbuzi aliyekufa na mimba changa, Wadachi walipokuwa ndio kwanza wamejenga boma? Siku hiyo nilirudi kutoka kisimani nalia, wenzangu wamenicheka, wameniita sungura. Hukunibembeleza. Wewe na kubembeleza, wapi na wapi! Ulinivuta hadi pale ulipokuwa umempasua, ukaniwekea kiganjani kile kitoto cha tumboni, kidogo kuliko kunde. Ukanionyesha mikunjo ya shingoni, ukasema humo ndimo zinamotoka taya na masikio. Kisha uso: vipande vipande, vinakuja kutoka pembeni, bado havijakutana katikati.

"Wote tumeanza hivi," ulisema. "Vya kwako havikukutana. Hakuna aliyeloga."

Ukanirudisha kisimani, mkono wangu umeukamata kweli kweli, ukawaamuru wale wasichana kila mmoja aweke kidole chini ya pua. "Mnasikia hicho kijifereji? Hapo ndipo mlipoungwa. Nanyi mlikuwa wazi kama huyu, ila mliungana kabla hatujawaona." Lo! Wote vidole chini ya pua! Nilirudi nyumbani nyuma yako natembea kama mke wa jumbe. Mama, sijapata kumwonea mtu fahari kama nilivyokuonea wewe siku ile, na mpaka leo fahari hiyo haijapungua.

Jioni hii nimemwambia mama mkwe, "Samahani mama, hebu weka kidole hapa." Kaweka. Nikamsimulia yote, mpaka yule mbuzi. Akabaki anajipapasa chini ya pua, kisha akampapasa mtoto, taratibu, pale pale.

Nikamwambia kesho nitamtoa mwenyewe, uso wazi.

"Thubutu!" kasema. "Bibi yupo, wewe umtoe? Nitamtoa mimi." Na ile kaniki kaikunja, kasema atajifunga kiunoni, maana atacheza.

Mtoto tumempa jina lako. Pumzika, mama.

Ni mimi binti yako, kwa mdomo huu huu.