Kiyoyozi cha Chumbani Kwetu

Kikuyu, Dodoma
9 Novemba

Baba Emilia,

Hatujambo. Emilia amefaulu hesabu. Joto limezidi, na dirisha halifunguliki kwa vumbi. Ulisema nisinunue kiyoyozi mpaka urudi, lakini nimepata cha inveta, hakili sana umeme.

Jana fundi alikuja kupima chumba chetu, akauliza, "Mama, mnalala wangapi humu? Watu nao huongeza joto." Nikamjibu wawili, kwa mazoea. Akatazama upande wako wa kitanda, umejaa madaftari ya wanafunzi wangu, akaandika tu.

Jioni yule dada wa huko Mtwara uliko alinipigia simu. Ana adabu. Amesema mwanenu ameanza kutembea.

Leo asubuhi nimempigia fundi, nimemwambia alete kile cha mtu mmoja.

Ni mimi,
Frida