Baba Anataka Kucheza na Shati la Zambarau

Mpendwa Mama Dou, naomba msaada wako haraka, mimi ni Suyun, binti wa Guo mtia rangi wa soko la magharibi, harusi yangu ni keshokutwa na nina furaha mpaka nacheka peke yangu, ila baba ananitia wasiwasi, maana tangu ujana wake anazitia zambarau hariri za wakubwa na yeye, kama sisi wote tusio na cheo, huvaa nyeupe tu, sasa nimegundua amejishonea shati la zambarau alivae chini ya joho lake, nikamwambia, "Baba, utachapwa viboko," akanijibu, "Nani atamfunua mzee? Mchumba wako mtoto wa mwalimu ataazima joho la kijani la maofisa siku hiyo na sheria inamruhusu, mimi niliyekulea nivae sanda?" nami nikacheka, lakini baba akilewa hucheza na akicheza huvua joho, na karamuni atakuwepo ami yake bwana harusi, ofisa wa joho jekundu, anayezijua sheria za mavazi kuliko majina ya wanawe, nikilificha shati nitamvunja baba moyo, nikiliacha harusi itaishia kwa hakimu, nifanyeje?

Suyun mwanangu, hongera. Halafu acha kumchekea baba yako anapopanga ujinga, anadhani umembariki. Na usilifiche hilo shati, atashona jingine. Namfahamu, tulibishana asubuhi nzima kwa rangi ya sketi yangu moja.

Sheria inakataza zambarau mwilini mwa asiye na cheo. Kuhusu zambarau ya mfarishi wa kujifunika kitandani haisemi kitu. Kwa hiyo leo hii mpelekee mkasi, piga magoti, umwombe shati liwe bitana ya mfarishi wako wa harusi. Mwambie unataka kujifunika kazi ya mikono yake maisha yako yote. Atalia, kisha atakosoa mshono wako, mvumilie. Huyo ami hatakuja kukagua kitanda chenu, na akija, yeye ndiye wa kupelekwa kwa hakimu.

Karamuni mvalishe joho jeupe la mikono mipana, na mwache acheze. Akiinua mikono juu, nguo itateremka mpaka viwikoni, na wageni wote wataiona zambarau ambayo majivu na maji moto vimeshindwa kuitoa miaka yote hii. Ami atakodoa macho atafute sheria ya kuikataza na hataipata, maana hiyo baba yako hakuivaa. Ni ngozi yake.

Mimi niwekee kiti karibu na baba yako.