Visu munane vya kushoto

Mardi 11/3/2025

Mutoto wangu Merdi amekojolea mukanda mupya wa mashini sasa hivi. Nilikuwa nimeuweka juu ya mukeka usichafuke. Yeye akashika goti langu, akasimama — akasimama peke yake! — halafu akakojoa, anacheka na yale meno yake mawili. Nimeupangusa. Ni mpira, hauozi.

Bon. Motoculteur, mashini ya kulimia aliyotuachia papa mukwe, imekataa kulima tangu mwezi jana. Moteur iko muzima. Lakini mukanda umechakaa, na vile visu vinavyozunguka chini kwenye udongo vimeisha, vimekuwa kama vijiko. Udongo wa hapa Simi-Simi uko na vijiwe, unakula chuma kama sisi tunavyokula pondu.

Shemeji Arthur alikuya leo. Anataka moteur aifunge kwenye pirogue, mutumbwi wake kule Ubundu. Akamuambia mama mukwe: hii mashini imekufa, mwili tuuzike, roho tuipeleke mutoni. Mama mukwe akakata: "Tungoje Dimanche. Ikilima, inabaki. Isipolima, beba."

Arthur akauliza nani atatengeneza, bwana yangu Hubert si iko Banalia anatafuta makemba, ndizi za kuuza? Nikasema mimi, bibi yake. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Acha acheke. Lengalenga yangu, hii muchicha ninayouza, njo inalisha hii nyumba. Mvua imeanza, na kwa jembe, mutoto mugongoni, sitafika hata nusu ya shamba.

Mercredi 12/3

Mukanda umeingia. Hubert alinielekeza kwa telefone: legeza buloni, sukuma moteur mbele kidogo, kisha — réseau ikakatika. Ile "kisha" nikaitafuta mwenyewe. Vidole vyeusi.

Jirani yangu Mama Karima akapita: "Ee, mekanisie wa kunyonyesha!" Nikamuambia alete pikipiki ya bwana yake, nitanyonyesha na ile. Alicheka mpaka kwake.

Visu vya kununua havipatikane mujini. Nimefungua kimoja, kile chenye nafuu, nikakipeleka kwa papa Kasongo, mufua chuma. Yeye anakata visu katika ressort, zile springi za lori. Nikasema: nitengenezee munane kama hiki. Akauliza, vyote kama hiki? Nikasema vyote, kabisa kabisa.

Vendredi 14/3

Sijui hata niandike nini. Visu nilivifunga vizuri, vinameta. Nikavuta kamba, ikawaka, nikafurahi — na mashini ikaenda kushoto. Naivuta kulia, inaenda kushoto. Imelima mustari wa kupinda kama ndizi, imeingia kwenye maharagi ya Mama Karima, imegonga ukuta wa choo. Mama mukwe alikuwa mulangoni na Merdi mukononi. Akamugeuza Merdi asione.

Nikakaa chini. Nikapanga vile vya zamani kwenye majani, kimoja kimoja. Alors nikaona. Vine vinapinda kushoto, vine vinapinda kulia. Mimi nilipeleka kimoja tu.

Nikarudi mbio kwa papa Kasongo, mutoto mugongoni. Akaangalia, akashika kiuno. "Mama, uliniletea kiatu cha kushoto, nikakushonea viatu munane vya kushoto. Na nilikuuliza." Kweli aliuliza. Akarudisha vine kwenye moto, akavipinda upande wa pili. Mimi nilikuwa navukuta moto, jasho mpaka machoni. Merdi alilala katika zile kelele zote. Huyu mutoto.

Samedi 15/3

Inalima.

Inalima, inaenda mbele, sawasawa! Shamba lote, na nimerudilia mara ya pili kwa raha tu. Mama mukwe alivua sapatu, akatembea ndani ya udongo kutoka huku mpaka kule, polepole, unamufika kwenye vifundo. Akasema: "Papa yake Hubert angekuona leo." Akaingia kupika.

Nililia kidogo. Ya furaha.

Dimanche 16/3

Arthur amekuya baada ya misa, na kamba ya kubebea moteur, na ufunguo mukubwa wa kuifungulia. Akaona shamba. "Nani alikuya kutengeneza?" Mama mukwe akanionyesha kwa kidevu. Akazunguka mashini mara nyingi. Kisha: hapa ni laini, hata kuku analima hapa. Tuijaribu pale kwenye njia, palipokanyagwa.

Mama mukwe akamuambia: "Jaribu wewe. Si uko mwanaume?"

Nimeingia kunyonyesha, naandika kwa mukono moja, naona yote kwa dirisha. Arthur amewasha. Inaruka naye. Inamuvuta kama mbuzi anayekataa soko. Hakandamize mikono ya mashini chini, anaikimbiza tu. Sasa amezima. Ufunguo iko mukononi. Anaangalia moteur, anaangalia shamba langu. Mama mukwe anamuambia kitu, sisikii. Moyo unanipiga mpaka Merdi ameacha ziwa, ananiangalia.

Arthur ameita. "Shemeji. Kuya kwanza. Hii kitu unaishikaka namna gani?"

Nimejibu: ngoja mutoto ashibe. Na anangoja. Arthur, anangoja, amesimama katikati ya njia, suruali imejaa udongo. Mama mukwe naye ananiita sasa. Nakuya, mama. Ufunguo hajauacha, lakini ile kamba naona ameitupa kule kwenye majani.