Mkata Majani wa Shule

3 Machi

Baba, shikamoo,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha nyasi za darasa la chekechea, urefu hatua tatu, upana hatua tatu. Marehemu ameacha panzi kumi na wanne, konokono mmoja, na watoto ishirini na sita wasiobembelezeka. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima.

Wiki sita watoto walikitunza kile kipande cha uwanja kwa kukizungushia kamba. Walilala kifudifudi na lenzi zao kutazama nani anamla nani. Niliwafundisha kwamba mbuga si simba tu. Majani ndiyo yanayotangulia. Leo mkaguzi anakuja kuwaona, na wewe, uliyechunga ng'ombe miaka arobaini, unachukua fyekeo unazimaliza nyasi zote. Mimi niliomba uniletee mbegu tu. Kwa nini, Baba?

Bintiyo

11 Machi

Marahaba mama,

Goti linalalamika kama kawaida yake. Mbegu zipo nyuma ya mlango wa stoo.

Nilipofika ulikuwa umesimama na mwalimu mkuu na mgeni mwenye tai. Mgeni akauliza mzee yule ni nani. Ukasema, "Ni mkata majani tu." Kibovu ni goti, masikio bado mazima.

Nikawaza, mtoto ana sababu zake, nisimuumbue. Mkata majani asiyekata majani si atashtukiwa? Fyekeo lilikuwa limeegemea ukuta. Nikaanzia penye majani marefu. Kamba niliiona, nikadhani wamenipimia kazi ya siku.

Niombee radhi kwa watoto.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Sijui nikujulie hali kwa mdomo upi. Ulikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, gunia begani, na mkaguzi alikuwa ndiyo kwanza ananiuliza nimesomea wapi. Nilitaka uwe mtu mwingine kwa dakika tano.

Na nilikudanganya nilipouliza kwa nini. Fyekeo nililisikia nikiwa darasani. Ningetoka kukuzuia, ingebidi nikuite, na sikujua nikuite nani mbele yao. Nikawaimbisha watoto kwa sauti.

Mwalimu mkuu bado anamsifu mkata majani, nami sijafungua kinywa. Njoo uwafundishe watoto majani, Baba. Safari hii nitakutambulisha.

Bintiyo

2 Aprili

Marahaba mama,

Goti ni lile lile. Kilichonichelewesha ni fomu. Siku ile mwalimu mkuu alinifuata hadi getini akaniomba niwe nakuja kila siku. Nilidhani ndivyo ulivyopanga, nikakubali. Penye kazi nimejaza mkata majani. Penye ndugu wa karibu nimepaacha wazi, kwa kuwa sijui ungependa pajazwe nini.

Asante kwa mwaliko. Watoto nitawaona tu.

Naanza Jumatatu, saa moja asubuhi.

Baba yako