Siku Mama Alipoimba Maktabani

Alhamisi, Kyebando, hapa Kampala. Mvua ya asubuhi imekatika, limebaki tope na harufu ya majani.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado viko miguuni. Nikivivua nitalala, na sitaki kulala kabla sijaandika. Leo moyo wangu unaruka kama mwanakondoo. Mungu ni mwema jamani, na leo sisemi kwa mazoea kama tunavyosemaga kanisani.

Mama amesikia.

Ngoja nianze vizuri, maana wengine mnaingia kwenye ukurasa huu mara ya kwanza. Mama yangu anaitwa Rozalia. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa askari polisi, nasi tulizaliwa kambini. Baba alisali Ijumaa, Mama Jumapili. Kaka yangu Yasini alimfuata Baba msikitini, mimi nikashika rozari ya Mama. Hilo halijawahi kutugombanisha. Kilichotugombanisha ni wimbo.

Tangu tukiwa wadogo Mama anasimulia kwamba zamani mtu wa chuo kikuu alikuja kambini na mashine ya kunasa sauti, ile ya magurudumu mawili ya kanda, akawarekodi wanawake wakiimba, na yeye Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa wimbo. Kaka Yasini hajawahi kuamini. Kila sikukuu, iwe Idi au Krismasi, lazima amchokoze: "Mama, wimbo wako redio itaupiga lini? Tumechoka kungoja!" Watu wanacheka. Mama naye hucheka, lakini mimi ni binti yake. Najua kicheko chake cha kweli, na najua kile anachowaazima wageni.

Sasa masikio ya Mama yanafunga. Baada ya Pasaka daktari alituambia, kwa upole kabisa, kwamba la kushoto limekwisha na la kulia liko njiani, na dawa hakuna. Nilimweleza Mama nyumbani kwa sauti kubwa mpaka majirani wakajua. Nikadhani atalilia Misa, au sauti za wajukuu.

"Basi ile wimbo sitaisikia," akasema.

Ile sentensi ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Halafu wiki chache baadaye nikiwa nashona sare za shule, redio ikatangaza kwamba maktaba ya chuo kikuu imemaliza kuhamisha kanda zake za zamani kwenye kompyuta, na kila mtu anakaribishwa kusikiliza. Nilisimamisha cherehani. Nikapiga ishara ya msalaba. Kesho yake nikapanda kilima cha chuo kikuu.

Nakiri niliogopa. Mimi niliishia darasa la saba, na pale hata wafagiaji wanatembea kama maprofesa. Mlangoni unaacha begi. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Nilimwona msomi mmoja amelilaza kitabu kizee juu ya mto, anakifunua taratibu kama mtu anayembadilishia mgonjwa shuka. Nikajisemea, hapa watu wanajua kuheshimu wazee.

Aliyenipokea ni mtunzaji wa kumbukumbu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ni baba wa mapacha, basi wote wanamwita Ssalongo. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza namtafuta nani. Tukatafuta Rozalia. Hakuna. Tukatafuta jina la Baba. Hakuna. Alitafuta mpaka wenzake wakaanza kufunga madirisha, na akanisindikiza mpaka mlangoni kama mtu anayetoka msibani.

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Na kosa langu, nilimpigia Kaka Yasini kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, mwache bibi wa watu apumzike. Labda aliota."

Jana jioni nikamwambia Mama ukweli: jina lako halipo. Nilijiandaa kwa machozi. Badala yake alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeunguza maharage.

"Ulitafuta Rozalia? Nani alikuwa naniita Rozalia kule? Rozalia alikuwa naitwa na padri tu!"

Banange, jamani! Mimi mtoto wa kambi, nilisahauje? Kambini mwanamke hakuwa na jina lake. Aliitwa kwa cheo cha mumewe. Mume akipanda cheo, jina la mke nalo linapanda. Wanawake walisalimiana hivyo hata bombani, hata kwenye leba. Sikumbuki hata siku moja jirani akimwita Mama kwa jina la Rozalia.

Leo nikampeleka maktabani. Mama alivaa gomesi, lile gauni lake refu la harusi za watu, na kitambaa kizito cha kichwa, kile cha kwenda kwa wakubwa.

Ssalongo alitupokea na kuandika nilichomwambia: Mama Sajini. Ndivyo Mama alivyoitwa utoto wangu wote. Kompyuta ikafikiri, ikatoa ukurasa mtupu. Nikamwinamia Mama sikio la kulia, nikamwambia hata Mama Sajini hayupo.

"Atakuwepo wapi?" Mama alijibu kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia, na ukumbi mzima ukageuka. "Siku ile baba yenu bado koplo! Yasini mwenyewe alikuwa mgongoni!"

Ssalongo akaandika Mama Koplo.

Ikaja. Akatusomea polepole: nyimbo za wanawake, kambi ya polisi, foleni ya maji, mwanzishaji ni Mama Koplo. Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kupiga vigelegele lakini niliona penseli zimeinuliwa kila upande, nikavimeza.

Ssalongo akamvika Mama vile visikizio vikubwa vya kufunika masikio, akabonyeza. Mama akangoja. Uso wake ulikuwa kama ukuta. Ssalongo akaongeza sauti. Akaongeza tena, mpaka mimi niliyekaa pembeni nikawa nasikia kitu kama nyuki. Mama akavivua, akaviweka mezani kwa heshima.

"Hakuna kitu, mwanangu. Tumechelewa."

Sitaandika nilichomwambia Mungu dakika ile. Ameshanisamehe.

Kisha nikaona. Mama alivivalia juu ya kitambaa! Kitambaa kimekunjwa mara ngapi sijui, kinene kama blanketi, na masikio yote yako ndani. Nikamwambia tukivue. Akakataa. Mama yangu alimzika mume, akauguza, akahama nyumba, na hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuona nywele zake. "Kuna huyu bwana hapa," akanong'ona, yaani alidhani ananong'ona.

Ssalongo alisimama, akageuza kiti chake, akakaa akiutazama ukuta. Na msomi wa meza ya jirani naye akageuza chake. Nilitazama ile migongo miwili nikaomba Mungu aibariki.

Nikafungua kitambaa, nikamvika visikizio juu ya mvi zake, na kitambaa nikakitandaza juu ya vyote. Nikabonyeza mwenyewe.

Kwanza kidole. Kidole kimoja kikaanza kugonga meza. Kisha bega. Kisha Mama yangu, ambaye hasikii mlango ukigongwa, akafungua kinywa katikati ya maktaba ile ambako hata kukohoa unaomba ruhusa, akaimba kwa sauti yote aliyopewa.

"Mwenye funguo amelala wapi?"

Akajibu mwenyewe: "Amelala na funguo!"

"Watoto wataoga na nini?"

"Wataoga na funguo!"

Ni wimbo wa kumchamba askari aliyetunza funguo za bomba la maji, ambaye alikuwa analala mchana ndoo zikiwa zimepanga foleni. Mimi nilidhani ni wimbo wa maana! Miaka yote nilidhani ni wa dini, au wa kumkaribisha mkubwa fulani. Kumbe matusi ya adabu. Ssalongo mabega yalimtikisika, bado kautazama ukuta.

Mlinzi alikuja mbio. Ssalongo akamwinulia mkono tu, mlinzi akarudi alikotoka.

Mama aligombana na kanda, nawaambia. "Huyo wa nyuma anachelewa! Mnamsikia? Ni Mama Dereva. Siku zote alikuwa nachelewa, hata kwenye mazishi yake tulimngoja!" Akacheka. Kile cha kweli. Nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya Baba kufa. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke, kwa kuwa begi lenye leso lilikuwa mlangoni.

Mwishoni mwa kanda, wimbo ulipoisha, Mama akainua kidole.

"Sikia huyo analia. Yasini huyo. Alikuwa na njaa."

Nilivaa visikizio kwa zamu yangu. Kweli, mtoto analia kwa hasira, na sauti changa ya mwanamke inambembeleza. Nilimtazama Mama, nikamsikia Mama. Sijui niandike vipi. Wote wawili walikuwa pale.

Ssalongo akamwomba majina ya wanawake wote waliosikika, aongeze kwenye kumbukumbu. Mama akawataja mmoja mmoja, wote marehemu isipokuwa yeye, nami nikawa nasema kimoyomoyo, raha ya milele uwape. Alipofika kwake, Ssalongo akasema sasa ataandika Rozalia.

"Andika," Mama akamwambia, "lakini Mama Koplo usifute. Wasije wakanipoteza tena."

Nikatoka nje, nikampigia kaka.

"Yasini, wewe uko kwenye maktaba ya chuo kikuu."

"Mimi? Nimefanya nini tena?"

"Unalia. Unataka ziwa la Mama."

Nikamweleza yote, tangu kitambaa mpaka funguo. Nikasikia anavuta pumzi. "Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ile anayowatolea wateja dukani kwake Old Kampala. "Mama yuko karibu? Mwambie... Basi, usimwambie. Nitakuja mwenyewe."

Jioni hii nilimuuliza Mama kama anaogopa, maana sikio la kulia bado linafunga, hilo halijabadilika. Alikuwa anakula muhogo. Akasema, "Lifunge tu. Limekula, limeshiba."

Yasini anakuja asubuhi. Ee Bwana, uliyenipa leo furaha ambayo sikuistahili, niongezee na uvumilivu kidogo, nisimcheke kabla hajavua viatu.